Ukanda Kati ya Misumeno na Nyumba Zetu

Alikuwa na namna yake ya kusimama. Ukimkuta kazini, asubuhi au alasiri, utamkuta katikati ya ukanda, amesimama upandeupande kama mtu anayepishana na mwenzake kwenye mlango mwembamba. Bega moja lilielekea kiwandani, la pili lilielekea kwetu. Mwanzoni nilidhani ni maumivu ya kiuno. Baadaye nilielewa kwamba hakutaka mtu yeyote wa upande wowote aseme amepewa mgongo.

Tulimwita Bwana Bustani, kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyoajiriwa na ofisi ya mji wa Bukoba. Jina lake la ubatizo nalijua na ninalitaja katika sala zangu, lakini hata wale waliokula naye hawakulitumia. Nilikuwa jirani yake miaka mingi, nikiwa mwalimu wa dini katika kigango chetu cha Nshambya, na namshukuru Mungu kwa ujirani ule, ingawa kumtazama mtu mwema akibanwa bila kuweza kumnasua ni msalaba wa aina yake.

Nieleze kwanza huo ukanda. Kiwanda cha kupasulia mbao kilikuwepo tangu zamani. Nyumba zetu ndizo zilizokifuata, baada ya Uhuru, mji ulipopima viwanja vipya. Ofisi ikaamua kwamba kati ya misumeno na vitanda vyetu libaki eneo refu la miti, lisijengwe wala kulimwa, lizuie kelele, vumbi la mbao na macho ya watu. Lilianzia barabarani likashuka hadi kijitoni. Upana wake, mtu angerusha jiwe kwa mkono wa kushoto likavuka.

Afisa aliyekuja kutueleza alikuwa kijana mpole kutoka mkoa mwingine. Alitandaza ramani juu ya boneti ya gari akatuonyesha mahali palipopakwa rangi. "Hii rangi ya kijani ni yenu nyote," akasema, "na si ya mmoja wenu." Tukaitikia kwa vichwa. Lakini moyoni kila Mhaya pale alijiuliza swali moja. Ardhi ya wote tuliijua: ni rweya, mbuga ya majani nje ya vibanja, yaani nje ya mashamba yetu ya migomba yenye nyumba ndani, ambako kila mtu hukata nyasi za kuezekea na za kutandaza migombani. Ila rweya iko kule nje. Katikati ya jirani na jirani hatukuwahi kuona ardhi isiyo na mtu.

Ofisi haikuwa na fedha za waya wala nguzo, na mbuzi hawakusoma ramani. Hapo ndipo Bwana Bustani alipotoa shauri lililomfunga maisha yake yote. Alisema kingo zote mbili zipandwe milamula. Huo ni mti wa majani marefu membamba ambao sisi hupanda mpakani mwa kibanja na kibanja. Hukatwa kijiti tu, kikachomekwa, kikashika. Mbuzi hauli, na Mhaya haugusi. Kuung'oa mulamula wa mpaka ni jambo ambalo hata mlevi hulikumbuka akiwa amelewa. Afisa alifurahi sana. Kwake ulikuwa ni ua usiogharimu kitu.

Tena Bwana Bustani akaupanda kama ipasavyo. Mulamula uliopandwa bila mashahidi ni mti tu kama miti mingine; hauna neno la kusema siku ya ugomvi. Kwa hiyo aliwaita majirani wa pande zote mbili, akaleta lubisi yake mwenyewe, pombe ya ndizi iliyokomaa vizuri, na kila kijiti kilichoingia ardhini kiliangaliwa na watu wa kiwandani na watu wa nyumbani. Nami nilikuwepo. Mwenye kiwanda, Mhindi aliyezaliwa papa hapa Bukoba na ambaye Kihaya chake kilikuwa kizuri kuliko Kiswahili chake, alikunywa soda akashuhudia kwa macho. Tulimaliza kazi tukashikana mikono.

Bwana Bustani aliamini kwamba alikuwa mkono tu wa ofisi. Lakini watu hawakuiona ofisi siku ile. Walimwona mtu anapanda mpaka, mashahidi wanakunywa, na ndani ya mpaka kuna kibanda cha zana ambamo mtu huyo analala. Kwetu hicho ni kibanja, na mtu huyo ndiye mwenyewe.

Matokeo yake yalianza kwa heshima. Ma Yustina, aliyepakana na ukanda kama mimi, alikuwa mwanamke wa sauti kubwa na huruma kubwa zaidi. Asubuhi moja nilimsikia akipiga hodi kwenye milamula, mahali pasipo na mlango, kwa lile neno letu la heshima.

"Waitu, mwenye kibanja! Naomba matawi makavu ya kuni."

"Mimi si mwenyewe," akajibu Bwana Bustani.

"Basi mwite mwenyewe aje."

"Mwenyewe ni mji."

"Mji unalala wapi? Nimwendee nimpigie magoti?"

"Chukua kuni, mama."

"Ahsante, mwenye kibanja."

Kila siku ilikuwa hivyo. Alikataa umiliki mbele ya kila mtu, halafu ilimbidi atoe ruhusa, maana asingetoa yeye hakuna mwingine wa kuitoa. Na kila aliporuhusu au kukataza, alizidi kuwa mwenyewe.

Kwa upande wa pili mambo yalikuja na sukari. Kila karibu na Krismasi mwenye kiwanda alikuja na kifurushi, akaongea Kihaya kitamu cha wazee, akauliza afya, mvua, na hatimaye magogo. Magogo yake yalikuwa yamejaa. Angepata kipande kidogo tu cha ukanda cha kuyapanga.

"Rafiki yangu," alisema siku moja nikiwa nimeketi nao, "mimi siombi unipe. Naomba uniazime."

"Ningekuwa nacho ningekuazima."

"Unacho! Nani alipanda? Si nilikuwepo?"

"Ulikunywa soda. Hukunywa lubisi."

Mwenye kiwanda alicheka mpaka akafuta macho, akamwachia sukari akaenda zake. Bwana Bustani aliipeleka ile sukari kwa watawa, kama alivyofanya kila mwaka. Hakuionja.

Katika kutoonja alikuwa mkali mno. Ndani ya ukanda mipera ilijiotea, na mparachichi mmoja mkubwa kando ya kijito ulizaa hadi matawi yakainama. Watoto wetu walikula, wapasua mbao walikula, ndege walikula. Yeye alinunua parachichi sokoni, akapita nalo mkononi chini ya ule mti, akaenda kulila kibandani. Nilimwambia hilo ni kiburi. Akanitazama kwa utulivu.

"Mwalimu, nikila moja tu, Ma Yustina atasema nimevuna."

"Hata usipokula anasema."

"Ndiyo. Ila sasa anasema uongo."

Kitu kimoja tu alikitoa ukandani kwa furaha: maua. Alipanda mayungiyungi na maua mengine ambayo sijui majina yake, akayakata kila Jumamosi kwa ajili ya altare, na siku yoyote kwa ajili ya jeneza. Hakuuliza marehemu ni wa dini gani wala wa upande gani. Nimewahi kumwona akibeba maua kwa msiba wa mtu aliyemtukana hadharani wiki ile ile. Nikamuuliza kama hayo si mavuno. Akasema hakuna mtu aliyewahi kugombania kibanja kwa sababu ya maua. Huko nako alikuwa na akili ya kujitetea kila upande.

Nisimchore kama mtakatifu. Alikuwa mbishi, alisahau ahadi ndogondogo, na aliwatisha watoto kwa kuwaambia kijitoni kuna kitu kinachovuta miguu. Kelele za misumeno ambazo sisi tulizilalamikia yeye alizipenda. Misumeno iliponyamaza mchana kwa mapumziko alikuwa hana raha, akitembea huku na huku akingoja ianze tena. Aliwahi kunieleza kwamba msumeno ukilia anajua watu wa upande ule wako wapi.

Na kanisani, yeye aliyetuletea maua ya altare, hakuketi. Alisimama mlangoni, miguu yake ndani, kisigino kimoja nje. Padri alimkaribisha mbele mara nyingi. Alishukuru akabaki palepale. Misa ilipokwisha aliondoka kabla ya wimbo wa mwisho, kwa sababu Jumapili ndiyo siku ambayo watu huwa na nafasi ya kusogeza vitu.

Maana vitu vilisogea. Hakuna aliyegusa mulamula, la hasha. Lakini upande wa kiwanda gogo moja liliviringika likalala ndani, na upande wetu mmaboga wa Ma Yustina ulitambaa ukavuka mpaka ukaenda kuzaa ndani ya ukanda. Ma Yustina alisema boga halina macho. Bwana Bustani alilirudisha gogo kwa mti wa kusukumia na akalirudisha boga kwa kulibeba kifuani kama mtoto, na shina lake lote akaliviringa taratibu lisikatike. Siku hiyo nzima alikuwa katika kuviringa na kusukuma. Nilipomwona jioni alikuwa amechoka kama mtu aliyetoka safari, na hakuwa ametoka hata hatua moja nje ya milamula.

Kisha yakaja mambo ya ujamaa. Kwetu Kagera mfumo wa nyarubanja, ambao mtu alilima kibanja cha bwana na kumlipa, ulikuwa umefutwa, na watu walikuwa bado wakiuogopa kama mtu anavyoogopa nyoka aliyekwisha kuuawa. Balozi wa nyumba kumi, mtu mwenye bidii na mwenye kupenda mikutano, aliitisha mmoja chini ya paa la mbao la kiwanda. Akasema katikati yetu kuna mtu mmoja ameshika ardhi kubwa, halimi, anaruhusu na kukataza, na watu wanampigia hodi. Akauliza hiyo kama si nyarubanja ni nini.

Bwana Bustani alisimama, bega moja huku, bega moja kule. "Ndugu balozi, niondoeni. Chukueni hata leo. Mimi nitawashukuru."

Wengi walipiga makofi. Balozi akauliza nani apewe. Watu wa nyumbani wakasema igawiwe, kila nyumba ipate kipande cha migomba, huo ndio ujamaa. Wapasua mbao wakasema kiwanda kinalisha watu wengi kuliko migomba, kipewe kiwanda, huo ndio ujamaa. Sauti zikapanda. Mzee mmoja wa kiwandani akamwuliza Ma Yustina kama migomba yake itazuia vumbi lisimfikie. Ma Yustina akamwuliza yeye kama magogo yatazuia mdomo wake. Tulicheka, lakini kicheko kilikuwa na meno.

Mwishowe Ma Yustina mwenyewe ndiye aliyesema, "Kuliko kiwanda kije dirishani kwangu, afadhali abaki yeye."

"Nasi," akasema yule mzee, "kuliko hawa waje na migomba mpaka kwenye misumeno, abaki yeye."

Hilo likapita kwa mikono yote. Balozi akatangaza kwamba wananchi wamemthibitisha mwenzetu katika ukanda wake. Akatumia neno hilo, ukanda wake. Nilimwona Bwana Bustani akifungua mdomo kusema lile neno lake la siku zote, halafu akaufunga.

Hapo nieleze jambo lililokuwa likimla, ambalo sisi majirani wachache tulilijua. Alikuwa na kibanja halisi huko Muleba, alichoachiwa na baba yake, na baba yake amezikwa ndani yake kama desturi yetu. Mkewe alifariki mapema bila kumwachia mtoto. Kibanja kilitunzwa na mdogo wake. Kila likizo alipanda basi akaenda kupalilia, kukata majani makavu ya migomba na kukaa kidogo karibu na kaburi. Alitaka kitu kimoja tu duniani: kuacha kazi, kurudi pale, kuzeeka pale na kuzikwa pale. Kila alipoomba ofisi imwachie, aliambiwa asubiri mwenzake apatikane. Alipatikana kijana mmoja mwenye nguvu na adabu. Siku ile ile alipoanza, pande zote mbili zilimwuliza yeye ni nani. Aliposema ametumwa na mji, gogo likaviringika na boga likatambaa, na hakuna aliyeitika alipokataza. Hakuondolewa na mtu. Aliondoka mwenyewe, akaenda kufundisha shule.

Sasa mdogo wake akaja Bukoba kumleta mgonjwa hospitali. Alilala kibandani kwa kaka yake. Asubuhi akatembea ukanda wote, toka barabarani hadi kijitoni, akitazama kushoto na kulia. Nilikuwa nanawa uso uani kwangu, nikasikia wanaongea.

"Kaka, hii milamula nani alipanda?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Mbele ya majirani."

"Mlikunywa?"

"Tulikunywa. Lakini ardhi ni ya mji."

Mdogo wake aliporudi Muleba alipeleka habari kwa wazee wa ukoo. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wengi, na uongozi wa kijiji siku zile ulikuwa ukisema ardhi ni ya anayeilima. Kwa macho yake alikuwa ameona kibanja kirefu mjini, kimepandwa mpaka, kina nyumba na mwenyewe ndani yake. Akaomba kile cha baba yao kiandikwe chake.

Bwana Bustani aliniomba nifuatane naye kwenye kikao. Alisema, "Wewe ni mwalimu wa dini, hawatasema unadanganya." Safari nzima alikuwa mchangamfu. Alinieleza mahali atakapopanda miche mipya ya kahawa na jinsi atakavyojenga jiko mbali na upepo. Sijawahi kumwona amekaa vizuri kwenye kiti kama alivyokaa kwenye basi lile, mgongo wote umeegemea.

Wazee walitupokea kwa heshima, wakatupa kahawa ya kutafuna. Nilisimama nikaeleza ukweli: ukanda ni wa mji, uliwekwa kutenganisha kiwanda na nyumba, na huyu ni mwajiriwa tu. Nilieleza vizuri. Mzee mkubwa wao, mwenye macho mabovu na masikio mazima, akanishukuru, kisha akaomba aniulize machache.

"Mwalimu, huko mjini, mulamula alipanda nani?"

"Yeye."

"Majirani walishuhudia?"

"Walishuhudia."

"Pombe ilikuwa ya nani?"

"Ya kwake."

"Mtu akitaka kuni humo, anamwomba nani?"

"Anamwomba yeye. Lakini..."

"Tusikie kwanza, mwalimu. Akikataa, wanakubali?"

"Wanakubali."

"Analala wapi?"

"Humo."

"Na mji, je? Umewahi kuona mji unaingia humo kukataza mtu?"

Yule afisa kijana alikwisha hamishwa, na tangu aondoke hakuna mtu wa ofisi aliyekanyaga pale ila kuleta mshahara. Ningesema nini? Kila jibu langu lilikuwa la kweli, na kila moja lilimsukuma rafiki yangu hatua moja nje ya nyumba ya baba yake. Nimesali mara nyingi juu ya kikao kile. Sijaona neno moja ambalo ningelisema tofauti.

Mzee akageuka kwake. "Mwanangu, hatukufukuzi. Mtu hawezi kuwa na mlango huku na mlango kule, na mdogo wako ana watoto. Lakini ukitaka kurudi, njia ipo. Waite mashahidi wale wale. Ng'oa ile milamula kwa mkono wako mbele yao. Aliyepanda anaweza kung'oa, hakuna mwiko kwake. Ukishang'oa, wewe si wa kule tena. Njoo hapa, hakuna atakayekuuliza neno."

Ilikuwa hukumu ya haki kwa kadiri walivyojua. Hata yeye aliikubali. Njiani kurudi alisema mara moja tu, "Ni kung'oa tu, mwalimu. Kijiti kilichoingia kinatoka."

Alipanga siku. Alitupitia nyumba kwa nyumba, akaenda na kwenye kiwanda, ambacho sasa kilikuwa cha umma. Yule rafiki wa sukari alikuwa ameondoka na familia yake, na mahali pake alikuwapo meneja aliyevaa suruali iliyopigwa pasi vizuri. Kila mtu aliahidi kuja. Sijawahi kuona mkutano uliohudhuriwa kwa ukamilifu kama ule.

Nilifika mapema, asubuhi nyeupe baada ya mvua. Bwana Bustani alikuwa na jembe lake, amevaa shati la kwenda kanisani. Kwenye pembe ya barabarani alichagua mulamula wa kwanza, akalegeza udongo kuuzunguka, akaushika kwa mikono miwili. Kisha akainua macho aone kama mashahidi wamefika.

Walikuwa wamefika. Upande wa kiwanda meneja alisimama na vijana wenye minyororo, na nyuma yao trekta ilikuwa ikinguruma, imeshafungwa magogo. Upande wetu, Ma Yustina na mumewe na majirani wengine walisimama kwa utulivu kama watu wanaongoja Komunyo, na kila mmoja alikuwa ameshika chipukizi la mgomba lililokwisha kukatwa mizizi, tayari kuchomekwa. Walimtazama mikono.

Ma Yustina ndiye aliyesema kwanza, kwa upole. "Ng'oa, baba. Usituogope. Nenda ukapumzike."

"Ndiyo, mzee, ng'oa," akasema meneja. "Sisi tutaendelea."

Bwana Bustani aliitazama trekta. Akatazama chipukizi. Aliangalia pia madirisha ya nyumba zetu, na watoto waliokuwa wamekaa kwenye kibaraza cha kwangu na vikombe vya uji. Alikaa ameinama vile muda mrefu, ameushika ule mti. Nadhani alikuwa akiona kama ninavyoona leo: kabla ya adhuhuri magogo na migomba vingekutana katikati, na watu wangekutana juu yake.

Akauachia. Akaurudishia udongo, akaukanyaga kwa kisigino pande zote, polepole, kama anavyofanya mtu anayepanda kwa mara ya kwanza.

"Nendeni mkafanye kazi," akasema.

"Na Muleba?" nikamwuliza.

"Wazee wameshanijibu, mwalimu. Mimi ndiye sikuwasikia."

Meneja alikasirika kwa kupotezewa muda. Ma Yustina alibeba chipukizi lake akarudi nalo nyumbani, na mchana alituma bakuli la ndizi na maharage kibandani. Bwana Bustani alilipokea. Sikumwona akilia. Nilimwona tu akisimama kama kawaida yake, ila sasa mabega yote mawili yalikuwa yameshuka.

Baada ya hapo nilihamishiwa Izimbya kulea kigango kipya, na miaka ikapita. Nilisikia yuko, ukanda uko, miti imekuwa mirefu, na kutoka barabarani misumeno inasikika kama nyuki. Watu waliojenga baadaye hawakujua kwamba kuna kitu walichokingwa nacho. Nilimshukuru Mungu kwa hilo, nikamwomba amkumbuke aliyelipia.

Tulionana tena Muleba, bila kupanga. Nilikuwa nimefuatana na wazazi wa bwana arusi kutoka Izimbya, na nyumba ya bibi arusi ilikuwa ya yule mdogo wake. Sikuwa nimejua mpaka nilipoiona njia. Kibanja kilikuwa kizuri, migomba minene, majani yametandazwa, kahawa imepogolewa. Katika sebule, kwenye viti vilivyowekewa wageni wa mjini, alikuwa ameketi Bwana Bustani, mzee sasa, kofia magotini.

Mdogo wake alimfanyia heshima zote. Alimletea maji ya kunawa yeye mwenyewe, akamchagulia nyama laini, akawaambia watu huyu ni kaka yetu anayekaa Bukoba. Bwana Bustani alikula vizuri akashukuru kwa kila kitu kilichowekwa mbele yake, kama mgeni mwenye adabu anavyoshukuru. Tuliongea habari za watu wa Nshambya. Ma Yustina alikuwa amefariki. "Nilimpelekea maua mengi," akasema, "akina mama wakalalamika hawaoni jeneza."

Jua lilipoanza kulegea, akamwambia mdogo wake kwa sauti ndogo kwamba angependa kumsalimu baba kabla ya basi. Mdogo wake alikuwa na wakwe, hakuweza kuondoka. Akamwita binti yake mdogo, msichana wa shule ya msingi aliyezaliwa pale.

"Mpeleke baba yako mkubwa kaburini kwa babu. Umshike mkono, hapajui."

Nilimtazama. Alisimama, akavaa kofia, akampa mtoto mkono. Nikawafuata nyuma kidogo kwa ajili ya sala.

Msichana alikuwa mwongozaji mzuri, mwenye kuchukulia kazi yake kwa uzito. Alitupitisha kati ya migomba, akimwonyesha kila kitu kwa kidole na kumwambia majina yake: hii ni ya kuiva, hii ni ya kupika, hii baba alipanda mwaka nilipoanza shule. Yeye akaitikia, "Ehe. Nzuri."

"Hapa kuna mfereji, baba mkubwa," akasema mtoto akisimama. "Hauonekani kwa sababu ya majani. Inua mguu."

"Wapi?"

"Hapo. Sasa."

"Ahsante, mwanangu," akasema, akainua mguu pale alipoambiwa.